Mpima Ziwa wa Kasanga

Mwezi wa Julai Sumbawanga huamka na baridi. Mama anayeniuzia dagaa sokoni huvaa sweta, juu yake kanga, juu ya kanga koti la mumewe, na bado hukunja mikono kwapani kila mteja anapoondoka. Upepo unatoka kusini mashariki. Unapita juu ya uwanda wa Ufipa pasipo kitu cha kuuzuia, ila msitu uliosalia kwenye milima ya Mbizi, unapenya mjini kati ya mabati na mahema ya soko, kisha unatumbukia upande wa pili wa uwanda kuelekea Ziwa Tanganyika. Mama hujaza sado, huongeza konzi moja juu, na kuniambia, "Hawa wa Kasanga, mwanangu. Tazama wanavyong'aa."

Nilikula dagaa wa Kasanga miaka mingi kabla sijajua kwamba upepo ule ule unaomtetemesha mama yule ndio unaomletea riziki. Aliyenieleza alikuwa dada mmoja niliyemkuta mwaloni amepiga magoti mchangani, akipima dagaa mmoja mmoja kwa rula iliyopigiliwa kwenye ubao. Nilikuwa nimeshuka Kasanga, ukingoni mwa ziwa, kwa shughuli ya siku moja. Nikabaki siku nne nikitazama kazi yake.

Kutoka Sumbawanga barabara inakwenda Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, halafu inaanza kuteremka. Mji wetu uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko kwenye mita 770 na ushei. Kwa hiyo mtu anashuka zaidi ya mita 1,000, na katika kushuka huko anavua koti, kisha sweta, na akifika chini anatafuta kivuli. Ziwa linatokea ghafla, la buluu nzito, na halionyeshi mwisho upande wa kaskazini. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na mahali penye kina kikubwa kuliko pote maji yanashuka mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Wazee wa pwani ile wakiliita bahari hawakosei sana. Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, aliona konokono wake wamefanana mno na wa baharini, akajua pia kwamba ndani yake wanaishi konyeza, viumbe laini ambao watu wamezoea kuwaona kwenye maji ya chumvi. Akaandika kitabu kizima mwaka 1903 kudai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Dai lake halikusimama. Konokono wale walijitengeneza wenyewe humo humo, katika mamilioni ya miaka ambayo ziwa limekaa peke yake.

Dada yule huamka saa kumi usiku. Msimu wa giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani au unachelewa kutoka, mitumbwi hutoka jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za umemejua. Dagaa hupanda kuifuata nuru, wavu unawakusanya, na alfajiri mitumbwi inarudi. Mwezi ukiwa mpevu nuru imeenea kila mahali, taa hazina maana, wavuvi wanashona nyavu. Kwa hiyo kazi ya mpimaji nayo inakwenda kwa mwezi, na daftari lake lina safu ya kuandika mwezi ulikuwaje usiku ule.

Mtumbwi unapogusa mchanga watu wengi hukimbilia mali. Wanunuzi wanavuta mabeseni, tajiri wa chombo anahesabu kwa sauti, watoto wanaokota waliodondoka. Yeye hatazami samaki kwanza, anamwendea nahodha. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Halafu maswali yake, yale yale kila siku, kwa mpangilio ule ule: mmetoka saa ngapi, taa ngapi, mmetupa wavu mara ngapi, mlikuwa upande gani, mko wangapi. Nilimuuliza kwa nini anajali taa kuliko samaki. Akasema mabeseni 20 yaliyovuliwa kwa taa nne na mabeseni 20 yaliyovuliwa kwa taa kumi na mbili si habari moja. Mzigo mwaloni unaweza kubaki vile vile mwaka hata mwaka, huku ziwa linapungua, kwa sababu watu wanaongeza taa, wanaongeza saa, wanakwenda mbali zaidi. Anayeandika mzigo bila kuandika jasho lililouleta hataliona hilo mpaka siku mzigo utakapokatika.

Kisha anahesabu mabeseni, anatundika mzani na kupima kila beseni la tano. Baada ya hapo linakuja jambo lililonifanya nikae chini nitazame vizuri. Alikuwa anachukua dagaa wa kupima urefu, na hakuteka juu tu. Alipitisha mkono mpaka chini ya beseni, akateka kidogo. Akateka katikati, kisha juu. Akahamia beseni lililokuwa nyuma ya mtumbwi, akafanya hivyo hivyo. Mtumbwi unaotikiswa na mawimbi usiku kucha huchekecha samaki wake: wadogo hupenya chini, wakubwa hubaki juu. Mtu mvivu, au mwenye haraka, huteka wa juu na kuandika kwamba ziwa limejaa dagaa wakubwa. Hakuna atakayemgundua. Karatasi yake itakuwa safi, namba zake zitaonekana nzuri, na zitakuwa uongo.

Dagaa wake anawatenga mafungu matatu juu ya mfuko wa plastiki. Wapo wembamba wanaoishi mbali na pwani, ambao wataalamu wanawaita Stolothrissa. Wapo wanene zaidi, Limnothrissa, wanaopenda kuwa karibu na ukingo. Hawa ndio waliochukuliwa kutoka ziwa hili na kupandikizwa Ziwa Kivu na Bwawa la Kariba, wakastawi huko na kulisha watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kasanga. Fungu la tatu ni migebuka wachanga, ambao wangekuwa wakubwa wangewala hao dagaa wenyewe. Kwa jicho langu wote walikuwa vipande vya fedha. Yeye aliwatenga kama mama anavyochambua mchele, mkono ukienda wenyewe, na macho yakipumzika kidogo kwa yule tu aliyemtia shaka. Mwenye shaka alimgeuza, akamtazama tumbo, akamweka penye fungu lake. Baadhi aliwapasua kwa ukucha kuangalia kama wana mayai. Kila mmoja aliwekwa kwenye ubao, pua imegusa kingo, na urefu ukatajwa kwa milimita. Mdogo wake, aliyekuwa akiandika, alirudia kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Niliwahesabia zaidi ya samaki mia asubuhi moja, na hawakuiacha desturi hiyo hata mara moja.

Siku ya tatu mtumbwi mmoja ulirudi mtupu. Vijana waliteremka kimya, wakaviringisha wavu. Nilidhani dada atawapita, maana hapakuwa na cha kupima. Akawaendea. Akauliza saa, taa, mara za kutupa wavu, upande waliokwenda. Kwenye safu ya mzigo akaandika sufuri, akaizungushia duara ili mtu asije akadhani ni nafasi iliyosahauliwa. Kijana mmoja akamuuliza kwa uchungu kwa nini anawaandikia aibu. Akamjibu kwa upole: "Kaka, nisipoandika usiku wako huu, kule juu watasema Kasanga kila anayetoka anapata."

Hili ndilo lililonibakia moyoni kuliko yote. Anayekusanya habari za waliopata peke yao anachora ziwa tajiri, na ziwa likishakuwa tajiri kwenye karatasi, umaskini wa mvuvi unageuka kosa lake mwenyewe. Sufuri ile yenye duara ilikuwa ushahidi wa vijana watano waliokesha kwenye baridi, na ulikuwa umeandikwa na mtu asiyewadai chochote.

Imani hiyo haikuja kwa siku moja. Nahodha anajua kwamba namba ikitoka kinywani inaweza kumfikia mkusanya ushuru, au jirani mwenye wivu, au mtu wa mkopo. Wengi wa wapimaji wa mwanzo, aliniambia, walipewa namba za kubuni. Yeye alikubaliwa kwa sababu miaka yote hajawahi kulitoa daftari lake mbele ya mtu wa ushuru, na kwa sababu namba alizokusanya huzirudisha. Mwisho wa msimu wa giza hukaa na wanawake wanaoanika dagaa, akawaambia urefu wa wastani umekuwaje na mayai ameyaona lini. Nao humpa yao: dagaa wa wiki hii wanakauka upesi, mafuta hayapo, wale wa mwezi uliopita walikuwa wanene. Wanawake wale hawana rula, lakini viganja vyao vimegusa dagaa wengi kuliko maabara yoyote, na yeye huandika wanayosema katika ukurasa wa nyuma, pamoja na tarehe.

Mara chache kwa mwaka hutoka ziwani na watafiti. Nilibahatika siku moja kupewa nafasi kwenye boti. Walikuwa na vyombo vya kisasa vyenye waya na betri, lakini nilichokipenda ni kisahani cheupe kilichofungwa kamba yenye alama kila nusu mita. Kilibuniwa na padri Mwitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865, na tangu hapo hakuna aliyeweza kukifanya kiwe rahisi zaidi. Kinateremshwa upande wa boti wenye kivuli, jua likiwa karibu na utosi, na anayetazama hatakiwi kuvaa miwani ya jua. Kinazama kikiwa cheupe, kinageuka kijani, kinakuwa kama doa la maziwa, halafu hakipo. Anasoma alama. Anakishusha kidogo zaidi, kisha anakivuta polepole mpaka doa lirudi. Anasoma tena. Jibu ni katikati ya alama hizo mbili. Niliomba nijaribu. Mara ya kwanza nilisema kimepotea mapema mno, kwa sababu nilitaka kumaliza. Dada hakunicheka, alisema jicho linahitaji muda kukubali kwamba halioni.

Maji yakiwa angavu sana kisahani kinaonekana mbali chini, na hiyo kwa mvuvi si habari njema. Maana yake mwani ule mdogo usioonekana kwa macho ni haba, wadudu wa majini wanaoula ni haba, na dagaa wanaowala wadudu hao watakuwa haba. Kisahani kikipotea mapema, ziwa limepikwa.

Na mpishi ni upepo wa Ufipa. Ziwa Tanganyika ni kama sufuria lenye mchuzi ulioachwa utulie, mwepesi juu, na kila kitu kizito kimelala chini. Maji ya juu yana joto na hewa. Ya chini ni baridi kidogo na mazito, hayana hewa kabisa, lakini yamehifadhi rutuba yote ya viumbe waliokufa na kuzama. Hewa ya kupumua inaishia mita 100 hivi upande wa kaskazini, na 200 upande wetu wa kusini. Chini ya hapo samaki haishi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki unavuma juu ya uwanda, unashuka ziwani na kuyasukuma maji ya juu kuelekea Burundi. Nafasi yanayoiacha huku kusini, Kasanga na Mpulungu ya Zambia, inajazwa na maji yanayopanda kutoka chini yakiwa na rutuba. Upepo ndio mwiko. Ndiyo maana baridi ya sokoni Sumbawanga na kung'aa kwa dagaa ndani ya sado ni jambo moja, na ndiyo maana nilirudi nikamwambia mama yule, naye akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe haunivumii bure."

Lakini mwiko una nguvu zake na mwisho wake. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanazidi kuwa mepesi, na tofauti yake na ya chini inakua. Upepo ule ule hauwezi tena kukoroga kama zamani. Tumejuaje kwamba hilo limeanza kutokea? Jibu lake ni hadithi ya kipimajoto na ya watu waliokitumia kwa uaminifu bila kujua kitakuja kumfaa nani.

Mwaka 1912 na 1913 Mbelgiji Louis Stappers alipita ziwani akishusha kipimajoto hatua kwa hatua, akiandika kina na joto. Mgebuka kwa lugha ya wataalamu anaitwa Lates stappersii kwa heshima yake. Mwaka 1938 Mwingereza R. S. A. Beauchamp akafanya hivyo hivyo. Msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ukapima tena. Hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta ongezeko la joto la dunia. Neno hilo halikuwepo vinywani mwa watu. Walikuwa wakitimiza kazi ya siku. Nyuma yao walikuwepo wapiga makasia na wavuvi wa ziwa hili hili, waliojua mahali pa kusimamisha chombo na saa ambayo mawimbi yanatulia, na majina yao kwa sehemu kubwa hayakuandikwa. Ilipofika 2003, Piet Verburg na wenzake waliweza kuweka namba zao kando ya zile za 1913 na kuonyesha kwamba ziwa limepata joto na maji yake yanachanganyika kwa shida. Mwaka huo huo kundi la Catherine O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ndani ya maji umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Tunazungumzia mabadiliko ya sehemu za digrii. Kama Stappers angekuwa mtu wa kukisia, kama angesoma kipimajoto chake kabla hakijatulia, miaka 90 baadaye pasingekuwa na cha kulinganisha, na sisi tungebaki na ubishi.

Mwaka 2016 ushahidi ukaja kutoka mahali pengine kabisa: tope la chini. Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichomoa nguzo za tope kutoka sakafu ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, wakahesabu chembe za mifupa na magamba ya samaki zilizozikwa humo. Zilianza kupungua kadiri ziwa lilivyopata joto, hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Miongoni mwa Watanzania wanaolichunguza ziwa hili yumo Ismael Kimirei. Njia yake inanivutia. Shahada yake ya uzamivu, ya mwaka 2012, aliifanyia baharini, akichunguza jinsi samaki wa miamba ya matumbawe wa pwani ya Tanzania wanavyolelewa utotoni kwenye mikoko na majani ya bahari. Alifanya kazi ya ziwa kwenye kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi hiyo. Mtu aliyejifunza subira ya kufuata samaki mdogo katika mizizi ya mkoko anaijua tayari nusu ya kazi ya mwaloni.

Katika mifupa ya samaki umo ufundi mwingine unaostahili kutajwa. Ndani ya kichwa cha dagaa, karibu na sikio, kuna kijiwe kidogo kuliko punje ya ulezi. Kijiwe hicho huongezeka tabaka kila siku. Mtafiti anakitoa kwa koleo, anakisugua taratibu mpaka kiwe chembamba kiasi cha kupitisha nuru, anakiweka chini ya hadubini na kuhesabu mistari. Akisugua kidogo mno haoni kitu. Akizidisha, siku za maisha ya samaki zinafutika chini ya kidole chake. Mtu anaweza kuharibu vijiwe vingi kabla mkono haujajua uzito wake. Kwa njia hii tumejua kwamba dagaa wetu ni mtu wa maisha mafupi, mwaka mmoja na kidogo tu, na kwa hiyo mwaka mmoja mbaya unatosha kuonekana sokoni Sumbawanga.

Sasa, si wataalamu wote waliokubaliana. Wengine, wakiwemo waliofanya kazi katika mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa ulioanza 1992 chini ya FAO kwa msaada wa Finland, walijibu kwamba joto peke yake halielezi kupungua kwa samaki. Nyavu ni nyingi, na takwimu za mialo zina matundu. Mwaka 1995 nchi zote nne zilihesabu kwa pamoja zikakuta wavuvi karibu 45,000 katika mialo karibu 800. Ubishi huo si wa watu wa vitabu peke yao. Kama kosa lote ni la nyavu, basi mzigo wote wa kurekebisha unamwangukia mvuvi wa Kasanga, Kipili na Kirando. Kama sehemu kubwa ni ya joto, basi anaadhibiwa kwa moshi ambao hakuufukiza. Ukweli, kwa kadiri ninavyoona, umechukua pande zote mbili: joto limepunguza kilichomo, na sisi tumeongeza mikono inayochota. Lakini kiasi gani ni hiki na kiasi gani ni kile hakijulikani kwa hotuba. Kinajulikana kwa taa zilizohesabiwa, kwa dagaa waliotekwa chini ya beseni, kwa sufuri iliyozungushiwa duara.

Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Sipingi kupumzisha ziwa. Wazee nao walikuwa na mahali na majira ya kutogusa maji. Lakini nawafikiria wanawake wa kuanika. Mwenye mtumbwi anaweza kuuza taa au kushika jembe kwa ndugu zake wa uwandani. Asiye na mtumbwi wala shamba, aliyekuwa akinunua beseni moja kwa mkopo na kulianika, miezi mitatu kwake ni miezi mitatu bila chochote. Kumfungisha mtu hivyo bila kupima kwa makini kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kwa mkono ule ule na ubao ule ule, kisha kumrudishia jibu, ni kumdhulumu. Ana haki ya kujua kama mfungo wake ulizaa kitu.

Huko pwani ya bahari wapo waliowatambua wanawake wa namna hii mapema. Zanzibar, Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya kazi na wanawake wa Fumba wanaookota chaza na kombe maji yakitoka, hadi wakafuga chaza wenyewe na kutengeneza mapambo ya magamba yake. Aliwahesabu wanawake wale kama watu wa bahari wakati ambapo wengi walidhani mvuvi ni mwanamume mwenye ngalawa. Wanawake wa mwaloni Kasanga nao wanahitaji kuhesabiwa hivyo.

Sisi wa juu tusidhani kazi hii inaishia mchangani. Mvua ya Ufipa inagawanyika mgongoni mwa uwanda: nyingine inakwenda Ziwa Rukwa, nyingine inapita Mto Kalambo na vijito vya magharibi mpaka Tanganyika, na udongo wetu unakwenda nayo. Tope likifunika mawe ya ukingoni, samaki wanaokula na kutaga kwenye mawe hayo wanakosa makao. Mababu wa Kifipa waliacha namna ya kulima inayozuia jambo hilo, matuta ya mviringo yanayofukia majani chini ya udongo ili yaoze, na shamba likae mahali pake mvua inaponyesha. Waliacha pia malungu, matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo magofu yake bado yanaonekana Ufipa. Tanuru lile halikuvukutwa. Lilivuta upepo wenyewe kupitia matundu ya chini, na fundi alikaa nalo akisoma rangi ya moto na sauti ya hewa, asiharakishe, maana chuma kilichotolewa kabla ya wakati ni takataka. Nilipomtazama dada yule akisubiri kisahani kirudi machoni, nilihisi nimewahi kuwaona watu wake. Wote wamefanya kazi na upepo mmoja.

Siku ya nne aliniazima ubao. Nilipima dagaa 30, mdogo wake akiandika na kurudia kila namba. Dada akachukua wale wale 30 akawapima upya. Tulitofautiana katika saba, mara nyingi kwa milimita moja. Akafuta karatasi yangu yote, akaandika yake, akaniambia nikirudi msimu ujao nitapima tena mpaka tofauti ziishe.

Ewe mwenye mtumbwi wa Kasanga, Wampembe, Kirando au Kipili: akikujia alfajiri na daftari, mwambie idadi ya kweli ya taa zako, hasa usiku ule uliorudi mtupu. Na wewe uliyekaa ofisini unayepanga bajeti ya mwaka, mlipe mtu huyu mshahara wa kudumu, umpe buti, tochi na mzani usiodanganya. Mzani niliouona una spiringi iliyochoka, na kila asubuhi, kabla ya mtumbwi wa kwanza kufika, huukagua kwa chupa ya maji ya lita moja.